Jinsi ya kuchagua matairi ya gari dogo: mshiko, uimara na thamani ya pesa

Gari dogo linagusa barabara kwa sehemu nne tu, na kila moja haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kazi yote ya breki, ya usukani na ya injini inapita hapo. Breki zinaweza kuwa mpya na dereva akawa mzoefu, lakini gari litasimama pale tu ambapo mpira wa tairi utakubali kushika lami. Pamoja na hayo, wengi wetu tukifika dukani tunauliza maswali mawili tu: saizi hii ipo, na ni bei gani? Mwongozo huu unahusu maswali yanayopaswa kuulizwa katikati ya hayo mawili, na unamlenga mwenye gari dogo linalotembea kwenye lami ya mjini, kwenye barabara kuu za mikoani na kwenye vipande vya vumbi au changarawe, kama yalivyo magari mengi ya Tanzania.

Kwa nini hakuna tairi linalotoa kila kitu

Mpira laini hushika barabara vizuri lakini huisha mapema. Mpira mgumu hudumu, ila ukikutana na lami iliyolowa hutereza. Viwanda vinavyojali kazi yake hupunguza mvutano huo kwa kuchanganya silika (unga wa madini ya jamii ya mchanga) na viungo vingine ghali ndani ya mpira, na ndiyo sababu matairi mawili yenye saizi moja na michoro inayokaribiana yanaweza kupishana bei sana. Tofauti unayoilipia imo ndani ya mpira wenyewe, na kwa macho hutaiona.

Mifereji iliyo katikati ya kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, ina kazi moja kubwa, nayo ni kuyaondoa maji chini ya tairi ili mpira uifikie lami. Kwenye lami kavu tairi lililoisha kashata bado hushika, wala dereva haoni tatizo lolote kuanzia Juni hadi Septemba. Masika yanapoanza, na maji kutuama kwenye mabonde yaliyochimbwa na malori katika barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, tairi hilohilo hupanda juu ya maji kama mtumbwi, usukani ukawa mwepesi ghafla na breki zisifanye kazi. Kwa hiyo msimamo wangu katika mwongozo wote huu ni kwamba mshiko kwenye maji ndio kipimo cha kwanza, uimara ni cha pili, na bei huhesabiwa baada ya hivyo viwili kutimia.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kumsikiliza muuzaji

Anza na gari lako, si na duka. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango, kwa kuwa hapo pameandikwa saizi ya tairi na kiasi cha upepo vilivyowekwa na kiwanda cha gari. Usitegemee saizi ya matairi yaliyomo sasa hivi, kwa sababu huenda mmiliki wa kabla yako alifunga alichokipata.

Tuchukue mfano wa 195/65R15 91H, saizi utakayoikuta kwenye Toyota Premio na Allion nyingi. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, R inaonyesha kuwa tairi ni la radial (nyuzi zake za ndani zinakatiza kutoka ubavu hadi ubavu), na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hadi hapo wauzaji wote wanajua. Sehemu inayorukwa ni ile ya mwisho. Namba 91 ni kipimo cha mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. Tairi la 88 hubeba kilo 560, la 84 kilo 500, na la 82 kilo 475. Herufi ya mwisho ni kikomo cha mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210 na V ni 240.

Hakuna anayepaswa kufika mwendo huo katika barabara zetu, na hivyo mtu anaweza kudhani kwamba herufi hiyo haimhusu. Inamhusu kwa njia nyingine: herufi ya juu ni ishara kwamba tairi limejengwa kustahimili joto zaidi, na joto ndilo adui wa tairi linalotembea saa nzima bila kupumzika kati ya Korogwe na Same mchana wa Januari. Usishuke chini ya namba na herufi zilizopendekezwa kwa gari lako, iwe kwa mzigo au kwa mwendo. Wenye Probox na Noah za biashara wawe makini zaidi, kwa kuwa gari la kubeba mizigo linahitaji tairi lenye alama za LT (tairi la gari dogo la mizigo) au 6PR (uimara wa tabaka sita) kama kibandiko kinavyotaka, na tairi laini la gari la abiria lenye saizi inayofanana linaweza kupasuka ubavu likikutana na magunia na shimo kwa wakati mmoja.

Matairi mengi yanayouzwa pia Marekani yana maandishi matatu madogo ubavuni ambayo ni msaada mkubwa kwa mnunuzi: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza linahusu uchakaavu. Tairi la kulinganishia lilipewa 100, na tairi lenye 400 linategemewa kudumu mara nne ya hilo katika mazingira ya jaribio. Namba hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, na usiyalinganishe ya kampuni mbili tofauti kana kwamba mizani ni ileile. La pili linahusu mshiko wakati wa kufunga breki kwenye sehemu iliyolowa, na daraja zake kutoka juu kwenda chini ni AA, A, B na C. Jaribio lake hufanywa gari likiwa limenyooka, kwa hiyo halisemi lolote kuhusu kona za Kitonga au za kupanda Lushoto. La tatu ni uwezo wa kustahimili joto, kwa daraja za A, B na C. Kwa mazingira yetu mimi nisingenunua tairi lenye C katika lolote kati ya hayo mawili ya mwisho, hata kama bei inavutia.

Tairi lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya huja na karatasi ya rangi iliyobandikwa kwenye kashata. Tafuta mchoro wa wingu la mvua, ambao ndio unaoonyesha mshiko kwenye maji, kuanzia A lililo bora hadi E lililo dhaifu. Mchoro wa pampu ya mafuta unaonyesha jinsi tairi linavyochangia unywaji wa mafuta. Wauzaji wengi huibandua karatasi hiyo na kuitupa, kwa hiyo iombe tairi likiwa bado halijafunguliwa.

Tarehe ya kuzaliwa

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Tafuta herufi DOT ubavuni kisha ufuate mstari wake hadi mwisho, ambako utakuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu pekee, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina sababu ya kuwa dukani. Mara nyingi tarehe huwekwa ubavu mmoja tu, na mafundi wanaweza kuufunga ubavu huo ukiangalia ndani ya gari, ambako hutauona bila kulala chini na tochi; kwa hiyo isome tarehe kabla tairi halijaingia kwenye rimu.

Kwa tairi jipya, kikomo changu ni miaka miwili tangu kutengenezwa. Likizidi hapo, lazima bei ishuke, na likizidi minne naliacha. Kwa tairi lililoko kwenye gari, kampuni kama Michelin zinashauri likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi na litolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama kashata bado zimejaa. Jua letu halina huruma kwa mpira, hasa kwa gari linaloshinda nje, kwa hiyo nyufa ndogondogo za ubavuni zikianza kuonekana usisubiri mwaka wa kumi ufike.

Matairi ya theluji yaliyokuja na gari kutoka Japani

Hili ni jambo la kwetu hasa na linastahili maelezo marefu. Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam yametumika Japani, na yanayotoka kaskazini mwa nchi hiyo mara nyingi huwa yamevaa matairi ya baridi. Matairi hayo hutengenezwa kwa mpira laini mno, unaobaki mlaini hata kwenye barafu, na viwanda huyaelekeza kwa hali ya hewa iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Mnunuzi huona kashata nene, akasema gari limekuja na matairi mazima, akashukuru. Ukweli ni kwamba amepewa tairi ambalo kwenye lami ya nyuzi 50 hunyumbuka kupita kiasi, gari likayumba kwenye kona, breki zikachelewa kushika, na kashata zikaliwa upesi.

Kuyatambua si kazi ngumu. Tazama ubavuni kama pameandikwa STUDLESS, au kama pana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Majina kama Blizzak ya Bridgestone na iceGUARD ya Yokohama ni ya matairi ya baridi. Kisha itazame kashata kwa karibu: kila kipande cha mpira kina michano myembamba ya mawimbimawimbi, mingi kiasi cha kufanana na alama za kitana, na ukikibonyeza kwa ukucha kinabonyea kirahisi kuliko cha tairi la kawaida. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi kukuhukumia tairi, kwa sababu huwekwa pia kwenye matairi mengi ya magari ya porini yanayofaa kabisa kwetu.

Ukishagundua kuwa gari lako limekuja na matairi hayo, panga kuyabadilisha mapema, na hadi utakapoyabadilisha punguza mwendo kwenye barabara kuu. Bei ya matairi manne mapya iingie kwenye hesabu ya kununua gari tangu siku ya kwanza, kama unavyoingiza ushuru na bima.

Mtumba au jipya la bei ya kati?

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kifungwe, tunategemea matairi ya kuagizwa, na pembeni ya mapya limekua soko kubwa la matairi yaliyotumika. Hoja ya wanaoyanunua ni kwamba tairi la mtumba lenye jina kubwa ni bora kuliko jipya lenye jina geni. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini husahau kwamba humjui aliyelitumia. Tairi lililotembea miezi kadhaa likiwa na upepo mdogo huwa limeumia nyuzi za ndani ya ubavu, na jeraha hilo halionekani kwa nje mpaka siku linapopasuka. Kwa bajeti ileile, mimi huchagua tairi jipya la bei ya kati lenye daraja A ya mshiko kuliko mtumba wa jina kubwa.

Anayelazimika kununua mtumba alikague likiwa limetolewa kwenye rimu, na alikague ndani kabla ya nje. Pitisha mkono ndani ya tairi ukitafuta kiraka, vumbi jeusi la mpira uliosagika, au mstari uliokwanguka kuuzunguka ubavu. Viwili vya mwisho ni ushahidi kwamba lilitembea bila upepo wa kutosha. Kiraka kikiwa kwenye eneo la kashata kinavumilika kama kimewekwa vizuri, lakini kikiwa ubavuni liache. Angalia ukingo unaokalia rimu kama una waya uliochomoza. Usidanganywe na weusi unaong'aa, kwa kuwa ni dawa tu iliyopakwa asubuhi hiyo.

Jihadhari zaidi na tairi lililochongwa upya. Fundi huchukua tairi kipara, akapitisha kisu cha moto kufuata mifereji ya zamani, na tairi likaonekana lina kina. Kazi hiyo inakubalika kwa matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, ambayo kiwandani yaliongezewa mpira kwa ajili hiyo. La gari dogo halina akiba hiyo, hivyo kisu huacha mpira mwembamba juu ya nyuzi za waya. Utalitambua kwa kutazama chini ya mifereji, ambako tairi lisilochezewa lina vivimbe vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji kwa kimo cha milimita 1.6. Vivimbe hivyo ni alama ya mwisho wa matumizi, na mahali pake huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Pasipokuwa na vivimbe, kisu kimepita.

Hizo milimita 1.6 ndicho kiwango cha chini cha kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya, lakini uwezo wa kusukuma maji hupungua sana kabla ya kufika hapo. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha milimita 8 hivi. Likibaki na 3 na masika yanakaribia, libadilishe.

Hesabu bei kwa kilomita

Bei ya dukani haikuambii tairi ni rahisi au ghali mpaka uigawe kwa umbali. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia tu, tairi la kwanza ni shilingi 180,000 na linakwenda kilomita 30,000, na la pili ni shilingi 280,000 na linakwenda kilomita 60,000. La kwanza linakugharimu shilingi 6 kwa kilomita, la pili pungufu ya 5. Katika kilomita 60,000 utakuwa umenunua matairi manane ya kwanza kwa shilingi 1,440,000, au manne ya pili kwa shilingi 1,120,000, na hapo sijahesabu malipo ya kufunga na kubalansi mara mbili. Ili hesabu yako iwe ya kweli, andika kilomita za gari siku unapofunga matairi mapya. Bila namba hiyo, sifa zote za kudumu ni maneno ya kijiweni.

Hesabu hii ina mpaka wake. Gari linalotembea kilomita chache kwa mwaka halitamaliza kashata kabla mpira haujazeeka, na mwenye gari hilo hana sababu ya kulipia tairi la umbali mrefu, bali aweke pesa yake yote kwenye mshiko. Dereva wa teksi ya mtandao ana hali iliyo kinyume kabisa. Kwake namba ya uchakaavu na unywaji wa mafuta ni faida ya kila siku, mradi asishuke daraja la mshiko.

Wenye Prado, RAV4 au Harrier huulizwa pia aina ya mchoro. Matairi ya lami, yenye alama HT, ni kimya na yanashika vizuri kwenye maji. Ya AT ni ya mchanganyiko wa lami na vumbi. Ya MT ni ya matope. Asiyelala porini hahitaji MT. Kashata zake kubwa zinagusa lami kwa eneo dogo, zinapiga kelele, zinakula mafuta, na kwenye lami iliyolowa ni dhaifu kuliko sura yake inavyoahidi.

Siku ya kufunga

Ukinunua mawili tu, yawe ya aina moja na yafungwe ekseli moja, tena ya nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Wengi hushangaa kwa hilo, lakini tairi la mbele likiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo, ilhali nyuma ikiteleza gari huzunguka kabla hajajua kinachoendelea. Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yote wakati wote, kama Subaru Forester, badilisha yote manne pamoja, kwa kuwa tofauti ya vipenyo kati ya tairi jipya na lililochakaa huipa difu ya katikati kazi isiyokoma na kuiua taratibu.

Hakikisha mshale wa ROTATION unaelekea mbele na neno OUTSIDE liko nje, kama tairi lina alama hizo. Fanya balansi na alaimenti siku hiyohiyo, maana bushi zilizokufa au magurudumu yaliyopinda yatakula ukingo wa ndani wa tairi jipya katika muda mfupi. Ukikuta tairi la zamani limeliwa kingo zote mbili, lilikuwa linakosa upepo. Likiliwa katikati, upepo ulizidi. Likiwa na mabonde mabonde, tazama shokapu.

Kiasi cha upepo kifuate kibandiko cha mlango, si mazoea ya fundi anayejaza psi 40 kwa kila gari. Vibandiko vya Japani huandikwa kwa kPa, na 220 kPa ni sawa na psi 32 hivi, 230 ni psi 33. Pima asubuhi, kabla tairi halijapata joto. Kwa kilomita 200 hadi 300 za mwanzo endesha kwa utulivu, kwa sababu uso wa tairi jipya una utelezi wa dawa ya kiwandani unaohitaji kusuguliwa kwanza. Kisha rudi kwa fundi akaze upya nati za magurudumu, na uyazungushe matairi kati ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000.